Pikapu Moja, Tupu, Napanda

Jumanne ile nilirudi kinyumenyume nusu maili,
shingo imepinda, mguu watetemeka juu ya klachi,
na mbele yangu lori la magogo
likinisukuma kwa taa zake tu.
Kulia, mlima. Kushoto, hewa.
Dereva alikuwa ametangaza kila maili, kama ilivyo desturi.
Wote barabarani walimsikia
isipokuwa mimi na kulungu mmoja.

Wasemao penye miti hapana wajenzi hawajafika Idaho:
wajenzi tele, miti tele,
kisichokuwapo ni mtandao.
Ukivuka daraja, simu hugeuka kioo cha kutazamia mvi.

Gaylen akanipangia redio koli kaunta nzima.
Hii inawaka rangi saba. Hii inatabiri theluji.
Theluji magoti hunitabiria bure.
Nikamwomba glovu zake za kazi, nikazivaa,
nikajaribu kuzungusha vifundo, redio baada ya redio.
Vya zile za kung'aa, kama punje za mtama:
vidole vikapapasa, vikakosa.
Nikachukua kuukuu ya rafu ya chini,
nzito kama tofali, chaneli arobaini,
mgongoni imekwaruzwa kwa msumari: VERL.
Ukiachia kitufe cha maiki, hulia *kwi*,
kama panya aliyekanyagwa.
Dola thelathini na tano.
Sikuuliza Verl yuko wapi.

Shemeji yangu Harlan akasema, weka antena ya sumaku, paani.
Matawi ya barabara ile yameshanila vioo viwili vya pembeni;
sumaku yataivua kama kofia ya mlevi.
Nikataka fimbo ya futi nne, yenye springi shingoni,
ijuayo kuinama na kuinuka.

Jumamosi, gereji, kahawa imepoa.
Waya wa umeme moja kwa moja hadi kwenye betri,
fyuzi karibu na kichwa, si karibu na mkia.
Kati ya injini na miguu palikuwa na tundu la zamani;
nikamshukuru fundi nisiyemjua.
Maiki nikaitundika pale mkono ufikapo bila jicho.

Kisha kipimo.
Kabla hujasema neno sharti ujue
kiasi gani cha sauti yako kinakurudia.
Mshale ukapanda: tatu.
Yaani nazungumza na koo langu mwenyewe,
yaani nitaiunguza redio ya Verl kabla ya chakula cha mchana.
Nikarefusha ncha, nikafupisha. Tatu.
Nikabadili kebo. Tatu.
Nikamtukana Harlan, ambaye hakuwapo. Tatu.

Ndipo nikafungua kibao cha antena, nikaona:
rangi. Samawati, niliyoipaka mwenyewe mwaka juzi,
imekaa kati ya bati na bati
kama mkwe asiyetaka ndugu waonane.
Nikaikwangua kwa kisu
mpaka chuma kikashika chuma.
Mshale ukashuka polepole,
kama mtu aliyesimama mno akipewa kiti.
Moja na nusu. Basi, panatosha.

Jumanne tena. Maili ya nne, kabla ya kona.
Maneno niliyoyafanyia mazoezi bafuni
yakanitoka kama ya mtoto mbele ya darasa:
"Pikapu moja, tupu, napanda, maili ya nne."
*Kwi.*
Mkwaruzo. Mlio mwembamba wa alternata,
ambao hadi leo sijaupatia dawa.
Halafu: "Roja, pikapu. Natelemka na mzigo, ya sita.
Pana pa kupishania kwenye ya tano."

Nikangoja.
Akapita: vumbi, magome, harufu ya utomvu.
Vidole viwili viliinuka juu ya usukani; uso sikuuona.
Kisha sauti, karibu, kama imekaa kiti cha abiria:

"Mlio huo wa kitufe naujua. Verl?"

Nilibonyeza. Nikaachia. Nikabonyeza.
"Hapana. Ni Twila."

Kimya, urefu wa kona mbili.

"Haya, Twila. Usitoke hapo bado.
Nyuma yangu wako wengine wawili."