Wageni wa Ijumaa

Theluji ya Hirosaki ilikuwa imefika dirishani
watoto wa darasa la kwanza walipoleta wanasesere wao
walale maktabani.
Sungura mwenye sikio moja. Dubu. Pweza wa sufi.
Kila mmoja na jina shingoni, kwa uzi.

Genta hakuwa na mwanasesere.
Alivua glavu yake ya kushoto, akanikabidhi:
"Huyu hulala mapema. Usimsomee vya kutisha."

Nikabaki peke yangu na kamera,
mtu mzima, miaka hamsini na minane,
namkalisha dubu mbele ya kamusi,
nampandisha pweza rafu ya juu,
nacheka mwenyewe kama chizi.
Glavu niliilaza juu ya kitabu cha nyangumi,
kidole kimoja ukurasa wa tisa.

Jumatatu kila mtoto akapewa picha.
Genta, ambaye tangu Aprili hajagusa kitabu,
aliitazama yake kimya, akaivaa glavu,
akanyooka hadi kwa nyangumi.

Nikamfungulia ukurasa wa tisa.
Akafunua kurudi nyuma, hadi wa kwanza.

"Yeye ameshafika huko," alisema.
"Atanisubiri."