Zamu ya Dirishani

Juzi nilimdanganya Somoe kwenye simu:
miche yako mizima, yote.
Trei ya kwanza niliinywesha kama ng'ombe.
Asubuhi nikaikuta imelala,
mashina yamekatika pale yanapotoka udongoni,
laini, ya kahawia, kama uzi uliotafunwa.
Kinyausi, akasema bwana shamba.
Umeiua kwa huruma, ndugu yangu.

Na maji yenyewe, hapa Newala!
Dumu limepanda mlima wote kutoka Kitangari
kwa baiskeli ya Chilumba, likitweta pamoja naye.

Sasa nina chupa ya soda, kifuniko nimekitoboa
kwa sindano ya kushonea, matundu saba.
Nazamisha kidole kwanza, mpaka kiungo cha juu.
Kikitoka kikavu, nanyunyiza.
Kikitoka na tope, natoka chumbani
nisije nikashawishika.

Ukungu hauondoki mpaka saa nne.
Mwanga una dirisha moja tu, nayo inaufuata,
shingo ndefu, nyembamba,
yote imeelekea nje kama watu wanaochungulia ugomvi wa jirani.
Nageuza trei.
Jioni imegeukia kule kule.
Nageuza.
Mikorosho ya Mzee Nambunga inapulizwa salfa:
nafunga dirisha, mashine ikizimwa nafungua.

Nyanya zimetoa jani la kweli.
Yale mawili ya mwanzo, Somoe alinifundisha,
ni masurufu tu, mbegu iliyafungasha kwao.
Jani la kweli lina meno,
na ukiligusa kidole kinanuka nyanya
miezi mitatu kabla ya nyanya.

Kazi inayonishinda ni kupunguza.
Tundu moja, miche miwili: mmoja ukatwe.
Nimeshika mkasi wa kucha tangu adhuhuri.

Huko Ndanda wamemfunga mtoto kifuani kwake,
ngozi kwa ngozi, siku ya kumi na tisa.
Kilo moja na gramu mia tatu.
Njiti, wanawaita. Wodi nzima ya njiti.
Nesi anapima maziwa kwa bomba la sindano:
mililita tano, mama, usizidishe.
Hilo mimi nimelielewa
kwa gharama ya trei nzima.

Kesho naanza kuitoa barazani,
nusu saa, kisha ndani.
Keshokutwa saa nzima, upepo uichokoze
mpaka ipate kiuno.

Usiku simu ikaita.
"Miche?"
Nikasema kweli: thelathini imekufa,
ishirini na sita ipo.
Akanyamaza. Nyuma yake kitu kilikuwa kinalia
tii, tii, tii, kwa mpangilio.
Nikamweleza habari ya mkasi.

"Weka chini huo mkasi," akasema.
"Itenganishe. Tafuta njiti ya kiberiti,
chokoa pembeni, polepole, mizizi itaachana yenyewe.
Na ushike jani, Bakiri. Usishike shina.
Jani litaota jingine."

Nikaenda jikoni, gizani,
nikipapasa kiberiti.