Jumatatu ya Kwanza Bila Sare

Aliingia dukani kwangu, mtaa wa nyuma, Łódź,
saa tatu asubuhi, theluji haijayeyuka kofiani:
Ludomir, dereva wa tramu namba kumi na mbili.
Siyo dereva tena, akajisahihisha,
tangu Ijumaa.

Miaka thelathini na minne, sare ya buluu.
Kabla ya sare, mama.
Baada ya kazi, jioni, mke:
“Vaa hii, Ludek, ile imechujuka.”
Na leo, mke hayupo, sare imekoma,
kafungua kabati akasimama
kama mtu aliyeitwa kutoa ushahidi
wa jambo asiloliona.

Mkononi, koti la marehemu kaka yake.
Sufu nyeusi, kola ya manyoya, bitana ya hariri,
koti la mtu aliyezoea kuchelewa karamuni
ili ageukiwe.
“Lipunguze,” akasema, “linitoshe.”

Nikapima. Nikabana pini, nikabana tena.
Kiuno kikakubali. Mikono ikakubali.
Bega likagoma.
Kiuno, bwana, hudanganyika kwa uzi;
bega lina kumbukumbu.
Lile lilikuwa likimngoja mwenyewe.

Nguo ya kuazima, husema wasemao,
haisitiri matako.
Hii ilisitiri kila kitu,
hata yeye mwenyewe sikumwona tena.

Nikamuuliza: Unapenda nini?
Akanitazama kama nimemuuliza bei ya mwezi.
Basi nikamwaga kapu la vipande mezani,
nikamwambia ashike, asiseme.
Mahameli: akaondoa mkono haraka.
Kitani: akakisikiliza kidogo, akakiacha.
Kisha kodrai, rangi ya haradali,
kipande kisichozidi kiganja,
na kidole chake kikaanza kwenda na kurudi
juu ya mistari, kwenda na kurudi,
kama reli.

“Kituo cha mwisho,” akasema,
“Oktoba, saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri,
ninapopiga kona taa yangu huangukia miti.
Abiria hakuna. Majani yanawaka rangi hii hii
kwa muda wa kuhesabu mpaka nne.
Sijawahi kumwambia mtu.”

Sikumshonea suti. Ningemshonea sare nyingine.
Nilimshonea kizibao,
mfuko mmoja wa kulia, chini kuliko desturi,
kwa kuwa mkono wake bado unakwenda pale
kutafuta ufunguo.

Usidhani yaliishia hapo.
Alikichukua, akakirudisha: kinapiga kelele.
Akakichukua. Akakirudisha: vifungo.
Vya pembe vikawa vya mbao, vya mbao vikawa vya shaba,
shaba ikamkumbusha mkaguzi mmoja,
tukarudi kwenye pembe.
Nikamwambia ale hasara au anywe chai.
Akanywa chai.

Suruali ya sare alikataa kuitupa.
“Hii,” akasema akipapasa goti lililokwanguka,
“hainidai kitu.”
Sikubisha. Ilimkaa
kama neno analolitumia mtu bila kulitafuta.

Na koti la kaka?
Tulifumua bitana, hariri ile ya zambarau,
nikaitia ndani ya kizibao, mgongoni.
Nje haionekani.
Yeye anajua.

Machi nilimwona kituoni.
Namba kumi na mbili ikaja, usukani kijana asiyemjua.
Ludomir akapanda kwa mlango wa nyuma,
nadhani kwa mara ya kwanza maishani,
akashika mkanda wa ngozi, hakuketi,
na tramu ilipoondoka nikaona haradali ikipita,
dirisha, giza, dirisha, giza, dirisha.

Nikarudi nyumbani na mkate wangu.
Nikafungua kabati langu mimi, fundi,
mjuzi wa mabega ya mji mzima.
Aproni saba za kijivu.
Nikasimama pale
hadi supu ikaungua.