Paa Lilikuwa Tambarare

Alhamisi, saa nne, ghala la zamani la ushirika,
Chikopelo. Wazee tisa, mabenchi matatu,
kishikwambi kimoja chenye ufa pembeni,
na bando la elfu mbili nililolinunua kwa pesa yangu.
"Mbukwenyi," nasema, kwa ulimi wangu wa Njombe.
Wananisamehe, wanaitika.

Mradi umeandika: *kuamsha kumbukumbu.*
Kana kwamba zimelala.

Bibi Mbeleje ndiye wa kwanza. Anataka nyumba,
ile ya kule bondeni, kabla ya malori ya mwaka sabini na moja,
kabla ya kuambiwa: teremsheni mizigo, kijiji ni hapa.
Haikuwahi kupigwa picha.
Nani, enzi hizo, angempigia picha ukuta?

Naandika. Akili mnemba inawaza, kiduara kinazunguka,
wazee wanakitazama kama watazamavyo wingu la Desemba,
bila kuliamini.

Ikaja: kibanda cha nyasi, cha mviringo,
twiga mlangoni,
na nyuma yake mlima wenye theluji.

Mzee Chedego alicheka mpaka akashika kiuno.
"Binti, huyo twiga alikuja kuposa?"

Nikafuta. Nikaandika neno lenyewe: tembe.
Ikaleta vidonge.
Vinne, vyeupe, juu ya kiganja safi.
"Hivyo tunavyo," akasema Mbeleje. "Vya presha."

Basi nikaacha kuiuliza mashine, nikawauliza wao.
Paa? Tambarare, udongo juu ya fito,
tunaanika mtama, mtoto anakaa na kijiti afukuze kuku.
Nguzo? Mkambala, mchwa hauwezi.
Ng'ombe? Ndani ya ua, usiku unasikia wanavyocheua
na ndipo usingizi unakuja.
Mlango? Magharibi.
"Kusini," akasema shemeji yake, Malogo,
ambaye tangu Machi hakuwa amefungua kinywa ila kwa uji.
"Magharibi!"
"Kusini. Mimi ndiye niliyeubeba ule mlango begani,
siku ile, kuuleta huku. Najua nilikoutoa."
Kimya. Hata aliyekuwa akisinzia akainua kichwa.
Hakuna aliyekuwa amejua kwamba mlango ulikuja.

Picha ya kumi na moja ilikaribia.
Mtama ulikuwa mahindi, na watu wote walitabasamu
meno thelathini na mawili kila mmoja,
lakini paa lilikuwa paa.
Nikaichapisha mjini, nikaibandika ghalani.
Mbeleje akanishikisha kalamu:
"Andika chini, kwa herufi kubwa: SI YENYEWE.
Na mlango si hapo."

Chedego alingoja wenzake wanawe mikono.
"Na mtu," akauliza, "inaweza?"

Nilijua swali hili lingekuja.
Kwenye semina, kule mjini, hotelini, tuliambiwa:
marehemu, hapana. Kisha tukaenda chai.
Hawakutuambia mtu anakataliwaje
akiwa ameshavua kofia.

Alikuwa na mwanya, akasema. Kovu la moto hapa, chini ya kidevu.
Alikufa mwaka ule wa mvua zilizobomoa reli.
Rangi yake, ya maji ya kunde.
Masikio... akasimama. Akatafuta kwa vidole,
kwenye masikio yake mwenyewe.

Nikamwambia bando limekwisha.

"Afadhali," akasema, akavaa kofia.
"Ningeishia kumzoea huyo mwingine."

Lilikuwa halijaisha.
Usiku, chumbani, mbu na jenereta ya jirani,
niliandika: mwanamke, mwanya, kovu.
Kidole juu ya kitufe.
Nikakumbuka kwamba hakunitajia jina lake,
na mimi sikuuliza.

Bando lilikaa siku mbili zaidi,
likaisha lenyewe.