Mwito wa Daraja la Tatu

Alhamisi, Mabela, saa nne usiku.
Kiyoyozi cha Harith kinakoroma kama mjomba aliyeshiba,
na mimi nafuta, naandika, nafuta,
karatasi imeshafanya kidonda pale katikati
panaposema: UWEZO WA KUITA.

Mhusika wangu ni Bi Nyange, mwita.
Hana upanga. Ana sauti, na fimbo ya mkomamanga
aliyoiokota Jabal Akhdar (ndivyo nilivyoamua).
Nguvu tatu, uhai tisa,
mtu wa kupulizwa akaanguka.

Kwanza nilimpa jini.
Jini wa Bahla, kimo cha ngome,
anayekuja kwa kupigiwa kidole.
Harith akasoma, akavua miwani:
"Sasa sisi wengine tufanye nini? Tukupikie kahawa?"
Mundhir, mwizi wetu, mhasibu wa mchana,
akapiga hesabu nyuma ya risiti ya shuwa:
jini mmoja ni sawa na sisi watatu, na chenji inabaki.
Haya. Nikamfuta.
Pembe zake bado zinaonekana
ukiinua karatasi kwenye taa.

Nikajaribu mbwa mwitu. Kila mtu ana mbwa mwitu.
Nikajaribu upepo. "Upepo unapiganaje?" Thuwaiba akauliza.
Nikasema unavuma tu.
Hakuna aliyecheka.

Basi nikaandika mbuzi.
Mbuzi mmoja, raundi tatu, daraja la kwanza.
Nikarusha dadu: kumi na saba. Akaja.
Na Harith, kwa uso wa kadhi:
"Yupi? Wa kuchinja, au wa kukunia nazi?"

Wakacheka wote, nami nikacheka, kisha nikanyamaza.
Kwetu yupo huyo wa pili. Yuko juu ya friji,
ulimi umeliwa na kutu, kiti kimeng'aa kwa kukaliwa.
Bibi alikuwa anakuna, Wete, asubuhi,
ilipofika habari kwamba tunaitwa,
njooni, kuna nchi huku inawangoja,
akainuka na alichokuwa nacho.
Wenzake walishuka Sib na dhahabu mikononi.
Yeye alishuka na mbuzi kwapani,
na askari wa forodha akauliza hii ni silaha gani,
na bibi, Mwarabu wa damu saba,
hakuwa na neno la Kiarabu la kumjibu.

Nikageuza karatasi. Safari hii kwa wino.

Anayeitwa haji mikono mitupu:
rusha dadu ujue alikuwa katika kazi gani.
Raundi ya kwanza hafanyi kitu, anashangaa.
Anaweza kukataa.
Muda ukiisha hayeyuki kama moshi,
yupo, ana njaa, na aliyemwita ndiye wa kumlisha,
uhai mmoja kwa kila siku anayobaki.
Na haitwi kwa kidole. Anaitwa kwa ubeti, papo hapo,
mizani ikipungua anakuja nusu.

"Huu si uwezo," Mundhir akasema, "huu ni mkopo."
Harith hakusema. Akaupitisha.

Saa sita tukafika mlangoni mwa falaji,
joka limelala juu ya maji, limeyanywa hadi kijijini.
Zamu yangu. Nikafumba macho:

Uliye mbali sikia, jikoni au shambani,
shika unachotumia, kiwe kisu kiwe kuni,
sina cha kukulipia, ila sahani mezani,
na njia ya kurudia, haimo humu kanuni.

Harith akarusha nyuma ya kitabu, akaangalia muda mrefu
kuliko dadu linavyohitaji kuangaliwa.
"Amekuja mtu," akasema. "Mwanamke. Ameshika upawa,
unachuruzika mchuzi. Halioni joka.
Anauliza chumvi iko wapi."

Thuwaiba akaweka upinde chini.
Mundhir akapekua mfuko wake wa mwizi, kipengele kwa kipengele:
kamba, funguo bandia, mshumaa.

Saa saba na nusu joka bado limelala pale pale.
Hatujaligusa.
Tunatafuta chumvi.