Mavi ya Kale

Agosti. Ziwa Neagh limepakwa rangi ya mlango,
kijani kizito, ungedhani kopo limemwagika
na mwenye kopo katimua mbio.

Nimevaa glavu. Najaza chupa ya saba.
Malachy, mvuvi wa mikunga, ananitazama kutoka gatini;
mashua yake haijagusa maji tangu Juni.
"Hata nzi wa ziwa mwaka huu hawakuja," asema.
Zamani walipaa kama moshi juu ya miti,
watu wakifunga madirisha, wakiwalaani.
Leo anawaulizia
kama jamaa waliohama bila kuaga.

Nani kamwaga?
Mkulima anamnyooshea kidole mwenye nyumba
na shimo lake la choo lenye ufa;
mwenye nyumba, yule wa mabanda ya kuku;
wa kuku analitaja jua, eti maji yana homa;
kisha wote kwa pamoja wanamgeukia kome,
mgeni aliyefika kang'ang'ania tumbo la mashua,
akayachuja maji hata yakaangaza,
nuru ikashuka kusikowahi kushuka.
Kosa lake, usafi.

Mimi ni binti wa Dermot McAtamney.
Nakumbuka Februari, trekta na tangi la samadi,
udongo umeshiba, mvua iko mlangoni,
naye anamwaga, kwa kuwa shimo limejaa
na ng'ombe hawajui kusubiri.
Babu alimwaga. Baba yake babu hakuwa na cha kumwaga:
gunia la kwanza la mbolea
alilipokea kwa mikono miwili, kama mtoto.

Fosforasi haiozi. Imelala topeni,
mwaka juu ya mwaka, mikono juu ya mikono,
na maji ya chini yakipata joto, yakikosa hewa,
tope linalegeza ngumi.
Tungefunga kila mfereji leo,
ziwa lingeendelea kula akiba ya babu.

Husemwa mavi ya kale hayanuki.
Njoo usimame hapa upepo ukigeuka.

Jioni namkuta baba nyuma ya zizi
akimchimbia kaburi mbwa wake, Tess,
aliyekunywa ukingoni, kama kila siku.
Hatuongei. Nashika taa.
Shimo limefika magotini, anasimama,
anautazama mfereji, anautazama mteremko,
analifukia shimo tupu
na kuanza upya, hatua thelathini juu zaidi.

Miaka sitini na minane.
Sijapata kumwona akiuliza
maji yataelekea wapi.