Jiwe la Sikio

Kila samaki ana jiwe kichwani.
Usidhani nakupiga chuku: njoo Liwatoni saa kumi na mbili
unione nimechuchumaa na kisu changu kifupi,
nikipasua vichwa vya changu na tafi
alivyoniazima Bi Mwanahawa, muuza supu,
kwa nusu saa tu, na kwa kelele.

Jiwe lenyewe ni chenga ya mchele.
Nalisugua mpaka linapitisha nuru,
naliweka chini ya hadubini,
na humo, pete ndani ya pete:
pana, miezi ya joto na shibe;
nyembamba, kipupwe,
maji yalipopoa na mwili ukajibana.
Samaki hutunza umri wake sikioni,
kama mtu asiyeamini karatasi.

Huyu wa leo nimemhesabu mara tatu.
Kuna mahali pete zimeungana,
joto na joto, bila uzi wa baridi katikati.
Nikamwita Mwachiro, naye akainama, akahesabu.
“Huyu ameruka mwaka,” akasema.
Nikamwambia, “Si yeye aliyeruka.”

Juzi, katika duka kubwa la Nyali,
nilisimama mbele ya kipande cha samoni:
nyama rangi ya papai, kitanda cha barafu,
bei ya mshahara wangu wa siku mbili.
Wamesoma wenzangu kwamba huyu
hupitisha majira ya giza bahari kuu,
akifuata maji ya baridi,
na maji ya baridi yanazidi kusogea,
naye nyuma yake, kama mpangaji
anayefuata kodi nafuu hadi mwisho wa mji.
Nilitaka kumsoma. Hana kichwa.
Jiwe lake limebaki huko kwao
na sijui nani analisugua.

Mamangu, Kuze, kila Julai
alikuwa akiongeza leso ya pili kitandani.
Mwaka huu feni imekesha,
na leso imekunjwa vilevile sandukuni
na karafuu zake.
Hakusema kitu. Aliifungua, akainusa, akairudisha.

Naandika daftarini: *pete ya saba, haipo.*
Nafuta “haipo”. Naandika “haionekani”,
maana kazi yetu inataka adabu ya maneno.
Halafu naifuta hiyo pia.

“Wewe! Nirudishie vichwa vyangu,”
Bi Mwanahawa anapiga sufuria kwa mwiko,
“unahesabu nini siku zote?
Maji yameshachemka!”